Laptopu Ndogo: Jinsi ya Kuichagua, Kuipa Kasi na Kuitunza Katika Hewa ya Pwani

Kila barua za vyuo zinapotoka, swali huwa ni lile lile kutoka Kisauni hadi Malindi, na kutoka Likoni hadi Lungalunga: mtoto amepata nafasi, mfuko ni mwembamba, tumnunulie laptopu gani? Wazazi wengi hutazama ukubwa wa skrini na mng'aro wa kifuniko, kisha baada ya mwaka mmoja kile chombo chageuka sinia. Makala haya yanahusu laptopu ndogo, zile za skrini ya inchi 7 hadi 12 na nusu, zenye uzito wa kilo moja hadi moja na nusu hivi. Ni vyombo vinavyodharauliwa, na mara nyingi ndivyo vinavyomfaa zaidi mtu wa kipato cha kawaida akijua anunue ipi na aifanyie nini. Nimeyapanga kwa vichwa ili msomaji ayahifadhi na kuyarudia siku yuko dukani au kwa fundi.

Kwa nini usitosheke na simu

Simu yafanya mengi, hilo halina ubishi. Lakini kuandika insha ya kurasa 20, kupanga hesabu za duka kwenye jedwali, au kujaza fomu ndefu kwa kidole ni adhabu. Ndipo watu huenda saiba. Na saiba, pamoja na msaada wake wote, ni kompyuta ya kila mtu. Kijana huingia kuomba mkopo wa HELB, mfanyabiashara huingia kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, mama huingia eCitizen kutafuta cheti cha kuzaliwa. Wakitoka, nyuma wameacha picha ya kitambulisho, cheti cha KCSE, na wakati mwingine nenosiri lenyewe limehifadhiwa kwenye kivinjari. Atakayekaa kiti hicho baadaye hujui ni nani. Faida ya kwanza ya kuwa na laptopu yako, hata iwe ndogo kiasi gani, ni kuwa siri zako zinalala kwako.

Zilikotoka

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Bei hiyo haikufikiwa, lakini mashine zilitoka, na Rwanda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizozinunua kwa wingi. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ikatoa Eee PC 701: skrini ya inchi 7, uzito wa gramu 920, RAM ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4 tu, na mfumo wa Linux ndani yake. Kichakato chake cha megahezi 900 kilipunguzwa hadi 630. Hata hivyo ilinunuliwa kama mkate wa mofa.

Mwaka uliofuata Intel walileta kichakato cha Atom, na karibu kila kampuni ikatoa ndogo yake: Acer Aspire One, Samsung NC10, Dell Mini, HP Mini, Lenovo S10. Sisi tulizipokea wakati mwafaka, kwa sababu mwaka 2009 ndio nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga Mombasa na intaneti ikaanza kuwa ya kasi. Kisha mwaka 2010 ikaja iPad, na tabuleti zikavuta soko. Ilipofika mwanzo wa 2013 laptopu za namna ile zilikuwa zimeacha kutengenezwa. Hata hapa Kenya, ahadi ya kampeni ya 2013 ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza iliishia kuwa tabuleti zilizoanza kugawanywa 2016.

Umbo dogo halikufa. Liliendelea katika mashine za inchi 11 za shule za Ulaya na Marekani, na zile za inchi 12 za maofisa. Hizo ndizo zinazotufikia leo kama mtumba.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni zile kongwe za Atom za 2008 hadi 2012. Nyingi zina RAM ya gigabaiti 1 na hazipokei zaidi ya 2, na kadhaa ni za biti 32. Hizi usizinunue kwa pesa ya maana. Ukipewa bure au unayo kabatini, ina kazi: kuandika, kusikiliza mawaidha na visomo, kusoma vitabu vya PDF, kufundishia watoto kupiga chapa. Kurasa za intaneti za siku hizi zitaishinda.

Ya pili ni zile nyembamba za inchi 11 zilizouzwa zikiwa mpya kwa bei ya chini, mfano wa HP Stream 11 ya 2014: RAM gigabaiti 2 na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32, vyote vimechomelewa kwenye bodi. Hapa ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Windows yenyewe na masasisho yake hujaza zile gigabaiti 32 hadi mashine inakataa kujisasisha, na hakuna fundi wa kukubadilishia kwa bei nafuu kwa kuwa hakichomoki kitu. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: RAM na diski zafunguka? Kama jibu ni hapana, basi unachokiona ndicho utakachokuwa nacho mpaka siku ya mwisho.

Ya tatu ni zile za maofisa za inchi 12 na nusu: Lenovo ThinkPad za X240, X250 na X270, HP EliteBook 820, Dell Latitude E7250. Zilitengenezwa kwa kampuni kubwa, zikatumika miaka mitatu au minne, kisha zikauzwa kwa jumla. Umbo lake ni gumu, kibodi nzuri, na karibu zote zafunguka kwa bisibisi ya kawaida. ThinkPad nilizozitaja zina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na ile ya nje waweza kuivua na kutia nyingine mashine ikiwa inawaka. Kwa mtu anayekaa penye kukatika stima kila mara, hiyo si anasa. EliteBook 820 nayo ina nafasi mbili za RAM, ilhali X240 na X250 zina moja tu. Kama wanunulia mwanafunzi, aina hii ndiyo ninayoipendekeza.

Kuna pia Chromebook za shule. Ni nyepesi na betri yake hukaa, lakini zina mitego miwili. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, na nyingi za mtumba zimeshaikaribia au kuipita. Tarehe hiyo huonekana kwenye mipangilio. Mtego wa pili ni kuwa nyingine bado zimesajiliwa kwa shule zilikotoka. Ukiiwasha ikakuambia inasimamiwa na taasisi fulani, irudishe hapo hapo. Hata ukiifuta, itauliza akaunti ya shule hiyo tena.

Dukani: usilipe kabla ya haya

Chukua nusu saa. Muuzaji mwaminifu hatakukimbiza.

1. Iwashe na uingie kwenye BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache. Mashine za maofisa hufungwa huko, na kuzifungua ni kazi ngumu kwa fundi.

2. Pima betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Kama ilikuwa wati-saa 45 na sasa ni 27, imebaki asilimia 60. Chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya juu ya bei ya mashine.

3. Pima diski kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Itie kwenye flashi uende nayo. Ikionyesha rangi ya manjano au nyekundu, diski hiyo ni ya kubadilishwa.

4. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Mtumba wa Ujerumani una Y na Z zilizobadilishana mahali, na wa Ufaransa una A mahali pa Q. Mipangilio yaweza kusahihisha kinachoandikwa, lakini maandishi ya juu ya vidole yatabaki yale yale.

5. Chomeka flashi kwenye kila tundu, chomeka spika za masikioni, washa kamera, unganisha wayafai na simu yako.

6. Tazama chaja. Volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, na wati zisiwe pungufu.

7. Dai risiti yenye namba ya mashine. Laptopu ndogo ni rahisi kuibwa, na bei ya kutupa bila risiti ina maelezo yake. Kununua mali ya wizi huku moyo unajua ni haramu, na mkono wa sheria nao hauulizi kama ulikuwa na haraka.

Kuipa kasi: anza na lenye faida kubwa

Kompyuta ndogo huwa nzito kwa sababu mbili kubwa. RAM ni kama meza ya kazi, na diski ni kama kabati. Meza ikijaa, mashine huanza kuhamisha vitu kabatini na kuvirudisha. Kama kabati ni diski ya zamani inayozunguka, kila safari huchukua milisekunde kumi na zaidi, na safari ni maelfu. Ndiyo maana unaona taa ya diski inamemeta na mshale umeganda.

Kwa hivyo la kwanza ni kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD. SSD hupata kitu kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ya gigabaiti 240 au 256 yatosha. Mashine iliyochukua dakika tatu kuwaka itawaka kwa chini ya nusu dakika, na kwa kuwa SSD haina kinachozunguka, mtikisiko wa matatu na boda haiutishi. Pima unene kabla ya kununua: laptopu nyingi nyembamba hukubali ya milimita 7 tu. Nyingine hutumia kadi ndogo ya M.2, na hizo ziko aina mbili, SATA na NVMe, ambazo si lazima ziingiliane. Muonyeshe muuzaji namba ya modeli yako.

La pili ni RAM. Gigabaiti 4 ni kiwango cha chini cha kuishi, 8 ni raha. Hapa pia aina hazichanganyiki: zile za Atom nyingi ni DDR2, za 2013 hadi 2015 ni DDR3L, na za baadaye ni DDR4. Herufi ile L yamaanisha volti ndogo, 1.35. RAM ya DDR3 ya volti 1.5 yaweza kuingia kwenye nafasi hiyo na mashine isiwake, ukadhani imekufa.

La tatu halina gharama: safisha. Zima programu zinazojiwasha zenyewe, ondoa zile usizozijua kazi yake, na uwe na programu moja ya kinga dhidi ya virusi. Mbili hugombana na kula RAM.

Fundi akikuambia dawa ya uzito ni "kupiga Windows upya" peke yake, jua atakupa nafuu ya mwezi mmoja. Kama meza na kabati ni vile vile, msongamano utarudi.

Mfumo gani uweke

Msaada wa Microsoft kwa Windows 7 ulikoma Januari 2020, na wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yataka RAM ya gigabaiti 4, hifadhi ya 64, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa vichakato vya Intel, orodha rasmi yaanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba nilizozitaja hazifiki hapo. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie kwa njia za pembeni. Huingia, lakini mtengenezaji hajakuahidi kuwa masasisho yataendelea kuja.

Njia ya halali na ya bure ni Linux. Kwa mashine ya biti 64 yenye gigabaiti 4, Linux Mint ya Xfce au Lubuntu zatembea vizuri na mtu aliyezoea Windows hapotei. Kwa zile kongwe za biti 32 uwanja umekuwa mdogo: Lubuntu imeacha kuzihudumia, na Debian 13 ya Agosti 2025 haitoi tena njia ya kuisakinisha kwenye mashine hizo. Zimebaki ndogondogo kama antiX na Puppy.

Uzuri ni kuwa waweza kuijaribu bila kufuta chochote. Iandike kwenye flashi, washa laptopu kwa flashi hiyo, ukae nayo siku mbili. Hakikisha wayafai, sauti na printa ya ofisini vinafanya kazi. Ukiridhika ndipo uisakinishe, na wakati wa kusakinisha ukubali kuifungia diski kwa nenosiri. Siku ikiibwa, mwizi atapata chuma, hatapata kitambulisho chako.

Kuhusu Windows ya kuiba, naongea na ndugu zangu bila kupaka mafuta. Zile programu za kuvunja kufuli la malipo hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Unamfungulia mlango mgeni usiyemjua, kisha unaingia humo humo na nenosiri la benki.

Matumizi ya kila siku

Kivinjari ndicho kinachokula RAM kuliko yote. Fungua kurasa tano, si ishirini na tano, na uweke kizuizi cha matangazo kama uBlock Origin kwenye Firefox. Kurasa zitafunguka upesi na bando litadumu. Ukitumia intaneti ya simu, iambie Windows kuwa muunganisho huo unapimwa, la sivyo masasisho yatalamba bando lote usiku mmoja.

Kwa maandishi na majedwali, LibreOffice ni ya bure na yafungua faili za Word na Excel. Ukimtumia mwalimu kazi, ihifadhi kama docx, au PDF kama si ya kurekebishwa. Kwa nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, weka Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili pia, na kuisoma bila mtandao.

Walimu wa madrasa wanaotaka kuandika Kiarabu hawahitaji kibodi nyingine. Ongeza mpangilio wa Kiarabu kwenye mipangilio, ubadilishe kwa vitufe viwili. Anayeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, aongeze na mpangilio wa Kiajemi, kwa sababu herufi za pe na che zimo humo.

Nakala za faili muhimu ziwe mahali pawili, kwenye diski ya nje na kwenye akaunti ya mtandaoni. SSD hufa ghafla, haitoi mlio wa kuugua kama diski ya zamani.

Joto, chumvi na mchanga

Hili maelezo ya Ulaya hayaliandiki, na ndilo linaloua laptopu zetu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ukiishi karibu na ufuo, baada ya muda utaona ukijani au weupe kwenye matundu ya chaja na flashi. Usiiache karibu na dirisha linalotazama bahari. Usiku iweke ndani ya mkoba pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, kwani hunyonya unyevu. Mchele usiutie, vumbi lake huingia matunduni. Mguso ulioanza kushika kutu husafishwa kwa spiriti kali ya isopropili, mashine ikiwa imezimwa na betri imetolewa.

Mwenye kusafiri kwa boti kwenda Lamu au Wasini aitie ndani ya mfuko usiopenya maji, hata bahari ikiwa shwari.

Betri adui yake ni joto. Februari na Machi, wakati kaskazi linamalizikia na jua ni kali, usiiache ndani ya gari wala chini ya bati. Usiitumie juu ya godoro, kwa sababu matundu ya hewa huzibwa. Kama wakaa na chaja siku nzima, tafuta kwenye mipangilio ya mashine mahali pa kuizuia ichaji hadi asilimia 80 tu. Lenovo, HP na Dell wameliweka jambo hilo kwenye modeli nyingi. Ikiwa hutaitumia miezi kadhaa, iache ikiwa na nusu. Betri iliyovimba haichomwi wala haitobolewi. Ondoa, ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Stima ikikatika, chomoa chaja. Inaporudi huja na mshtuko. Na kwa gharama yenyewe usihofu: chaja ya wati 45 ikivuta kwa nguvu zote kwa saa 10 haijafikisha nusu ya yuniti moja.

Feni isafishwe kila miezi sita. Ishike feni isizunguke unapopuliza vumbi, ukiiacha izunguke kwa kasi ya upepo huharibika. Nyingi za inchi 11 hazina feni kabisa, hizo joto ndilo la kuchunga.

Ambalo haitaweza

Kuhariri video ndefu, michoro mizito ya uhandisi, na michezo mikubwa si kazi yake. Mwanafunzi wa usanifu majengo mnunulie kubwa. Na mwenye macho dhaifu, inchi 11 itamchosha, ingawa nyumbani yaweza kuunganishwa na skrini kubwa au televisheni kwa waya wa HDMI au kwa adapta yake.

Kwa mwanafunzi wa ualimu, biashara, sheria, dini au uandishi, ndogo ya ofisi yenye SSD na gigabaiti 8 itamfikisha mwisho wa shahada yake. Wahenga wa Pwani walisema bura yangu sibadili na rehani. Chombo unachojua kukifungua, kukisafisha na kukiongezea nguvu ni chako kweli. Kile kilichochomelewa kila kitu ndani, hata kiwe kipya, umekikodi tu.

Na ukishapanda daraja, ile ya zamani usiifiche chini ya kitanda mpaka betri ivimbe. Futa diski, weka Linux, uipeleke madrasa au maktaba ya mtaa. Ziko madrasa nyingi za mitaa ambazo hazina hata moja, na watoto wake wataifanya kazi miaka mingine mitano, inshallah.